Rafiki yangu Kalasinga anamwita shujaa, mimi nimeambiwa alichinja Waislamu: Banda Singh Bahadur alikuwa nani?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Mombasa, ni Muislamu. Nimefanya kazi miaka kumi na moja na rafiki yangu ambaye ni Kalasinga. Tumekula sahani moja, tumezikana. Mwezi uliopita aliweka kwenye simu yake picha ya mtu anayeitwa Banda Singh Bahadur, akaandika 'shujaa wa wanyonge'. Mwenzetu mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akajibu kwa video inayosema huyo Banda aliingia mji wa Sirhind akachinja Waislamu, wake kwa waume na watoto, akabomoa misikiti yote. Nilipomuuliza rafiki yangu alikasirika, akasema ni uongo wa maadui, hakuna raia aliyeguswa. Nikamuuliza baba yake, na mzee yule akanishangaza zaidi: alisema hata Kalasinga wenyewe hawakubaliani juu ya Banda, kwamba alivunja masharti ya Guru wake na ndiyo maana akashindwa. Kisha nikasoma mahali pengine kwamba hakuwa Kalasinga kabisa, alikuwa mtawa wa Kihindu. Nimechanganyikiwa. Ni shujaa, ni muuaji, ni mwasi au ni Mhindu? Na nimwambie nini rafiki yangu? Mpaka leo salamu zetu ni za mdomoni tu."

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni hiyo sentensi ya mwisho. Historia nitakueleza kwa urefu kwa sababu umeuliza kwa makini, kisha nitarudi kwa rafiki yako, maana yeye ndiye aliyekufanya ushike kalamu.

Ninavyokuelewa, unahofia kwamba mmoja wenu lazima awe mwongo: ama yeye anamtukuza mtu aliyeua watu wa dini yako bila kosa, ama wewe umelishwa chuki dhidi ya watu unaokaa nao. Hofu hiyo iweke kando kwanza. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna ugomvi wa aina tatu, na wanaogombana si watu wale wale. Upo ugomvi wa Waislamu na Wasikh juu ya mji wa Sirhind. Upo ugomvi wa Wasikh wenyewe kwa wenyewe, ule aliokudokezea mzee. Na upo ugomvi wa Wasikh na baadhi ya Wahindu juu ya nani mwenye Banda. Ulivyosikia kwenye simu, vyote vimetiwa chungu kimoja. Nitavitenganisha. (Nasema Wasikh kwa kuwa ndivyo wanavyojiita, Kalasinga ni jina tulilowapa sisi.)

Tuanze na mtu mwenyewe. Banda ni neno la Kiajemi, maana yake mja au mtumwa, kama sisi tusemavyo mja wa Mungu. Mapokeo yaliyoenea yanasema alizaliwa Rajauri, kwenye milima ya Jammu, tarehe 27 Oktoba 1670, akapewa jina Lachhman Dev. Ujanani aliiacha dunia, akawa mtawa wa Kihindu wa wale waitwao bairagi, akajulikana kama Madho Das, akaweka makao Nanded, kando ya mto Godavari, mbali sana na kwao. Huko ndiko Guru Gobind Singh, Guru (yaani kiongozi wa kiroho wa Wasikh) wa kumi na wa mwisho katika watu, alikomkuta mwaka 1708. Mtawa yule akanyenyekea, akasema yeye ni mja wa Guru, na jina likaganda.

Humwelewi Banda bila kujua kilio alichokuwa nacho Guru moyoni. Miaka michache kabla, Guru alikuwa amezingirwa katika mji wake wa Anandpur na majeshi ya dola ya Mughal, dola ya Kiislamu iliyotawala India, yakisaidiwa na marajah wa Kihindu wa milimani. Alipotoka, familia yake ilitawanyika. Wanawe wawili wakubwa waliuawa vitani Chamkaur. Wadogo wawili, Zorawar Singh na Fateh Singh, mmoja wa miaka tisa hivi na mwingine sita hivi, walikamatwa pamoja na bibi yao wakapelekwa Sirhind kwa liwali Wazir Khan. Walitakiwa kubadili dini, wakakataa, wakauawa. Mapokeo ya Wasikh yanasema walijengewa ukuta wakiwa hai. Ilikuwa Desemba 1704. Wengine huhesabu 1705. Wana hao wanne wanatajwa katika Ardas, dua ambayo rafiki yako ameisikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na kila Desemba umati mkubwa hukusanyika Fatehgarh Sahib, pale pale walipouawa wale wadogo. Wewe ni Muislamu. Unajua jinsi habari ya Karbala inavyowaliza watu karne nyingi baadaye. Neno Sirhind linamfanya hivyo rafiki yako. Alipokukasirikia, huenda alichokiona mbele yake ni watoto wale, si Banda.

Guru alidai haki kwa njia za amani kwanza. Alimwandikia mfalme Aurangzeb barua kwa Kiajemi. Aurangzeb alipokufa mwaka 1707, Guru alifuatana na mrithi wake, Bahadur Shah, akisubiri Wazir Khan achukuliwe hatua. Hakuchukuliwa. Huko Nanded Guru alichomwa kisu, na Oktoba 1708 akafariki. Kabla ya hapo alikuwa amemtuma Banda kwenda Punjab, na mapokeo yanasema alimpa mishale mitano, bendera, ngoma, na wenzake watano wa kushauriana naye. Hao watano uwaweke akilini, nitawarudia.

Sasa Sirhind, ambako ndiko unakotaka jibu.

Banda alifika Punjab na watu wachache, lakini wakulima, mafundi na watu waliodharauliwa vijijini walimiminika kwake. Novemba 1709 aliuteka mji wa Samana, ambao Wasikh waliuchukia kwa sababu huko ndiko walikotoka waliomkata kichwa Guru Tegh Bahadur, baba wa Guru Gobind Singh, na waliowaua wale watoto. Kisha Sadhaura. Tarehe 12 Mei 1710, kwenye uwanda wa Chappar Chiri, alikutana na jeshi la Wazir Khan. Liwali aliuawa siku hiyo hiyo, na baada ya siku mbili Sirhind ilikuwa mikononi mwa Banda.

Rafiki yako akisema hakuna raia aliyeguswa, hapo hasemi kweli, na nadhani moyoni anajua. Samana na Sirhind ziliporwa, na waliouawa hawakuwa askari peke yao. Katika jeshi lile walikuwemo watu waliobeba kisasi cha miaka, na walikuwemo waliofuata ngawira tu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi za Sirhind zilikuwa watu wa kawaida, Waislamu wengi miongoni mwao, ambao hawakuwahi kuulizwa maoni yao juu ya kuuawa kwa watoto wa Guru. Ukiwasikitikia hujamkosea rafiki yako.

Hata hivyo, video ile imekupa nusu ya habari, na hiyo nusu imeiongeza chumvi. Habari nyingi za ukatili wa Banda zinatoka kwa waandishi wa dola ya Mughal, na maarufu kati yao ni Khafi Khan, ambaye hawezi kumtaja Banda bila kumlaani. Kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Simwambii mtu amtupe Khafi Khan, kwa sababu ana mengi ya kutufaa. Ila katika kazi yangu nimejifunza kumsikiliza mwandishi kwa makini zaidi anaposema jambo lisilomfaa yeye. Adui anapokupa sifa, au rafiki anapokiri kosa lako, hapo tega sikio.

Tumia kipimo hicho kwenye hili. Mfalme Bahadur Shah alikuwa na watu wa kumletea habari za kila siku kutoka majimboni, na karatasi za habari hizo zimebaki. Taarifa ya tarehe 28 Aprili 1711 inamweleza mfalme kwamba Banda, akiwa Kalanaur, ameahidi kutowasumbua Waislamu, kwamba Muislamu yeyote anayejiunga naye anaandikiwa mshahara, kwamba wanaruhusiwa kusali na kusoma hotuba zao, na kwamba 5,000 wamekwisha kujiandikisha. Walioandika hayo walikuwa wanamwinda Banda wamuue. Hawakuwa na sababu hata moja ya kumsafisha.

Angalia na watu waliokuwa kila upande. Sucha Nand, afisa mkubwa wa Wazir Khan ambaye Wasikh wanamlaumu kwa kuchochea watoto wale wauawe, alikuwa Mhindu, na Sirhind ilipoanguka hakusalimika. Banda alipozingirwa baadaye kwenye ngome yake ya Lohgarh, upande wa mfalme walikuwemo wakuu wa Kihindu na watu wao. Na kuna Sher Muhammad Khan, Nawabu, yaani mtawala, wa Malerkotla, Muislamu, ambaye ndani ya baraza la Wazir Khan alisimama akapinga kuuawa kwa watoto wasio na hatia. Nawabu huyo huyo alikwenda Chappar Chiri kupigana upande wa Wazir Khan, kwa kuwa ndio upande wa dola yake. Wasikh wanajua yote mawili na bado wanamheshimu. Banda alipofika Malerkotla hakuuteketeza mji. Mwaka 1947, Punjab ilipogawanywa na majirani wakachinjana huku na huku, Malerkotla yenye Waislamu wengi haikuguswa, na ukiwauliza wazee wa Kisikh kwa nini, watakutajia sauti ya yule Nawabu. Muulize baba wa rafiki yako habari hii. Sidhani kama hataijua.

Kuhusu misikiti na magofu: ukifika Sirhind leo, hatua chache kutoka gurdwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, ya Fatehgarh Sahib, utakuta kaburi la Sheikh Ahmad Sirhindi, mwanachuoni mkubwa wa tarika ya Naqshbandi aliyefariki 1624. Sheikh huyo aliwahi kuandika barua ya kufurahia kuuawa kwa Guru Arjan, Guru wa tano. Kama Banda angekuja kufuta kila alama ya Uislamu, kuba lile lisingepona siku ya kwanza. Kusimama kwake hakuthibitishi kwamba hakuna msikiti mwingine ulioguswa katika vurugu zile, lakini kunakanusha neno "yote" la kwenye video. Tena sehemu kubwa ya maangamizi ya Sirhind ambayo watu humbebesha Banda ilitokea Januari 1764, karibu miaka hamsini baada ya kufa kwake, vikosi vya Wasikh vilipouteka mji tena. Watu wengi, na hata Wasikh wenyewe, huchanganya matukio haya mawili.

Kwa hiyo nikiulizwa nihukumu, nasema hivi: ile ilikuwa vita ya kisasi na ya raia dhidi ya dola, na ndani yake watu wasio na kosa waliuawa kwa dhuluma. Haikuwa vita ya kuumaliza Uislamu. Dhuluma ya Sirhind haifuti wale Waislamu 5,000 wa Kalanaur, na wale 5,000 hawafuti Sirhind. Dola nayo ilijibu kwa ukatili: Desemba 1710 Bahadur Shah alitoa amri kwamba wafuasi wa Nanak, Guru wa kwanza wa Wasikh, wauawe popote watakapoonekana.

Sasa maneno ya rafiki yako, "shujaa wa wanyonge". Hayo hakuyaokota barabarani. Banda aliweka makao yake Mukhlispur, akapaita Lohgarh, ngome ya chuma, na katika nchi aliyoitawala aliwaondoa makabaila waliokuwa wakimiliki ardhi, akawapa mashamba walioyalima. Wasikh wanasimulia kwamba wakulima wa Sadhaura walipomlalamikia juu ya makabaila, aliwapanga mstari wakulima wenyewe akaamuru wapigwe risasi. Waliposhtuka na kuuliza kosa lao, akawajibu kwamba watu maelfu wanaowaogopa wachache hawana haki ya kulalamika. Hiyo ni hadithi, lakini upande wa pili waandishi wa dola waliandika kwa uchungu kwamba mfagiaji na mshona ngozi walikuwa wakiondoka kijijini kwenda kwa Banda, wakarudi na barua ya kuteuliwa kuwa watawala, na waliokuwa mabwana wao wakasimama mbele yao mikono imefumbwa. Fikiria familia ya rafiki yako. Kama ni kati ya zile zilizokuja na reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, kuna uwezekano mkubwa kwamba babu zake walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Kwa ukoo wa mafundi, mtu aliyempa fundi madaraka hasahauliki.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Mwaka 1715 alizingirwa Gurdas Nangal, kijiji cha Punjab, kwa miezi kama minane. Chakula kilipokwisha, waliokuwa ndani walikula farasi, kisha majani na magome ya miti. Tarehe 7 Desemba 1715 walitekwa. Walipelekwa Delhi, wakazungushwa mitaani, na Machi 1716 wakaanza kukatwa vichwa, mia moja kila siku. Waingereza wawili waliokuwa Delhi kwa shughuli za Kampuni ya India Mashariki waliandika tarehe 10 Machi kwamba mpaka wakati huo hakuna hata mmoja aliyeonekana kuikana imani yake ili aokoke. Khafi Khan, yule yule mwenye kulaani, anasimulia habari ya mama aliyeomba mwanawe aachiliwe kwa kuwa si Sikh bali mateka wao, akakubaliwa. Kijana mwenyewe akasema mama yake anasema uongo, akarudi kwenye foleni akauawa. Hiyo ndiyo sifa ya adui niliyokuambia. Banda mwenyewe aliuawa tarehe 9 Juni 1716 huko Mehrauli, karibu na kaburi la Khwaja Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, baada ya mtoto wake mdogo Ajai Singh kuuawa mbele ya macho yake. Inasimuliwa kwamba Muhammad Amin Khan, mmoja wa wakuu wa Mughal, alimuuliza vipi mtu mwenye akili kama yeye alifikia kutenda yale. Akajibu kwamba dhuluma ya wanadamu ikizidi, Mungu huleta mtu kama yeye awe kiboko, na kisha humleta wa kumwadhibu kiboko huyo. Kama maneno hayo ni yake, basi Banda mwenyewe hakudai kuwa mikono yake ilikuwa safi.

Nije kwa mzee. Alilokuambia si kituko, na nakusihi usimwone kama mtu anayewasaliti wenzake. Ugomvi wa Wasikh juu ya Banda ni mkongwe kuliko ugomvi wako na rafiki yako kwa miaka mia tatu, na asili yake iko hivi.

Kabla ya kufa, Guru Gobind Singh aliufunga mlango wa u-Guru kwa wanadamu. Baada yake, Guru ni kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, na uamuzi uko mikononi mwa jamii ya waliobatizwa, Khalsa. Banda akatokea mara baada ya hapo, akashinda vita ambazo hakuna Sikh aliyewahi kuzishinda kabla yake. Unaweza kuona hatari iliyopo. Watu waliozoea kuwa na Guru aliye hai, wakampata kiongozi mwenye ushindi na ngome, wengine lazima watamwinamia zaidi ya inavyotakiwa. Waandishi wa Mughal nao walizidisha mkorogo, kwa sababu katika taarifa zao humwita "Guru" moja kwa moja.

Je, yeye alijiita Guru? Ushahidi wa mkono wake ni mhuri aliotumia kwenye barua zake. Maneno yake ya Kiajemi yanasema kwamba chungu cha kulisha watu, upanga, ushindi na msaada usiochelewa vimepatikana kutoka kwa Nanak na Guru Gobind Singh. Jina lake halimo. Mtu anayetaka kukalia kiti cha Guru haachi jina lake nje ya mhuri wake mwenyewe. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito. Lakini pia ipo barua aliyowaandikia Wasikh wa Jaunpur Desemba 1710, akiwaagiza washike mwenendo wa Khalsa, wasitumie tumbaku wala vileo, wasile nyama, samaki wala kitunguu. Katika barua hiyo imo salamu mpya, "Fateh Darshan", badala ya salamu aliyoiacha Guru. Kwa masikio yetu ni jambo dogo. Kwa watu ambao salamu yao ni tangazo la imani, ni kama mtu aanze kubadilisha maneno ya adhana.

Wale wenzake watano sasa. Mmoja wao, Binod Singh, hakukubaliana na Banda ndani ya mzingiro wa Gurdas Nangal juu ya kutoka au kubaki, akaondoka na watu wake. Banda akabaki, akatekwa. Baada ya kifo chake waliobaki wakagawanyika: Wabandai, waliomwona Banda kuwa mrithi wa Guru, wakashika salamu yake, wakavaa nyekundu badala ya buluu, na Tat Khalsa, yaani Khalsa halisi, waliokataa hayo yote. Mwaka 1721 nusura wamwage damu Amritsar. Mata Sundri, mjane wa Guru, alimtuma Bhai Mani Singh kusuluhisha. Mapokeo yanasema aliandika majina ya pande mbili kwenye vikaratasi viwili, akavitumbukiza kwenye birika la Harmandir Sahib, gurdwara kuu ya Wasikh, na kile cha Tat Khalsa kikaelea kwanza. Wabandai wengi wakarudi kundini. Wazao wa Banda kwa mwanawe mwingine wamekuwa na makao yao Reasi, Jammu, hadi zama zetu.

Hapo ndipo yanapotoka maneno ya "alivunja masharti". Rattan Singh Bhangu, aliyeandika zaidi ya miaka mia baada ya matukio, anaeleza kwamba Guru alimpa Banda masharti: asioe, asianzishe madhehebu, asikalie kiti cha Guru. Banda alioa binti kutoka Chamba, nchi ya milimani, tena akaoa mke wa pili. Kwa hiyo, yasema simulizi, akapoteza baraka. Mimi naona simulizi hii ilizaliwa na swali lililowaumiza watu usiku na mchana: tuliahidiwa ushindi na Guru wetu, tukashinda, vipi tukapoteza kila kitu ndani ya miaka sita? Kusema Guru alikosea hawawezi. Kusema dola ya Mughal ilikuwa na watu wengi na mizinga mingi kuliko sisi hakumfariji mtu aliyefiwa. Inabaki kusema kiongozi aliteleza. Mwanahistoria Ganda Singh, aliyeandika maisha ya Banda mwaka 1935, alilikataa wazo la masharti hayo na kumrudishia Banda heshima, na Wasikh wengi wa leo wamefuata njia hiyo. Lakini Manihang, wale mashujaa wa kanzu za buluu wanaomhesabu Binod Singh kuwa mzee wao, na familia nyingi zenye mapokeo yao, bado wanashika simulizi ya zamani. Bila shaka mzee wako amekulia kwenye mojawapo ya familia hizo.

La Uhindu halinihitaji maneno mengi. Alizaliwa Mhindu na alikuwa mtawa wa Kihindu mpaka mwaka wake wa thelathini na nane, hakuna anayepinga. Mwanzoni mwa karne ya 20, waandishi wa Arya Samaj, harakati ya mageuzi ya Kihindu, katika Punjab walimchukua kama shujaa wa Kihindu, na siasa za India zinaendelea kumvuta upande huo. Lakini mtu anayewaandikia watu washike mwenendo wa Khalsa, na anayeweka majina ya Magurus kwenye mhuri wa utawala wake, amekwisha kutuambia yeye ni nani. Nikupe na njia rahisi ya kutambua anayezungumza nawe: sikiliza jina. Anayesema "Banda Bairagi" mara nyingi anamvuta Uhinduni. Anayesema "Baba Banda Singh Bahadur" anakuambia alikuwa Sikh kamili. Hata suala la kama alipewa ubatizo wa upanga na Guru mwenyewe linagombaniwa ndani ya hilo neno moja, "Singh".

Turudi Mombasa, kwenye gereji yenu. Usimpelekee rafiki yako jibu hili kwenye simu. Kwenye simu litakuwa jiwe jingine la kurushiana. Mtafute ana kwa ana, na umwambie kwanza unachokubali: kwamba watoto wa Guru waliuawa kwa dhuluma, na kwamba hukuijua habari yao ulipouliza. Ukishaanza hapo, utaweza kumwambia na la pili, kwamba Sirhind walikufa watu ambao hawakuwa na kosa, na kwamba humtaki amkane Banda, unataka tu asiwakane wale waliokufa. Mimi naamini atakusikia. Kama bado ni mgumu, mwache mzee awe kati yenu. Yeye amekwisha kukuonyesha kwamba anaweza kumpenda mtu na bado akamkosoa.

Kuhusu lile kundi la WhatsApp, liangalie kwa macho makali. Kama maneno yamebaki kuwa kejeli, nyamaza na utoke. Yakifika mahali mtu anatishiwa, au gereji inatajwa, au familia, hilo si suala la historia tena: lipelekeni kwa wazee, imamu wa msikiti wenu na wasimamizi wa gurdwara wakae pamoja, na vitisho vyenyewe vipelekwe polisi. Na ukitaka kuingia ndani zaidi ya nilivyokueleza, tafuta mwalimu wa chuo anayesoma Kiajemi, kwa sababu nusu ya ugomvi huu uko kwenye tafsiri.

Lakini kabla ya chuo, nenda na rafiki yako gurdwara Jumapili. Huhitaji mwaliko. Utavua viatu, utafunika kichwa, utakaa chini kama kila mtu na kula langar, chakula kile kile wanachopewa wasafiri wa dini zote pale kwenye gurdwara ya Makindu. Mkishamaliza kula, mkae na mzee, umuulize habari za Binod Singh, kwa nini aliondoka Gurdas Nangal na Banda akabaki. Mpe nafasi aeleze mpaka chai ipoe.